Chakula cha Mkwe

Chapwa, Tunduma
8 Desemba 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Sisi huku tunaendelea vizuri, isipokuwa Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi la malori. Baba alivuka mpaka na lori lenye mzigo wa Kongo. Alipopiga simu mara ya mwisho alikuwa Kasumbalesa kwenye foleni, analalamika joto. Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha nne na sasa niko nyumbani tu. Nafagia mahali ambapo nimekwisha kufagia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu hupotea. Wewe unasema, "Haloo, nani?" na mimi nabaki nahema tu, kisha unakata. Mama Ferista, jirani yetu anayepeleka vitenge Mbeya kila wiki, amekubali kubeba barua pamoja na chakula chako. Kwenye hotpoti kuna ndizi zilizopikwa na maharage. Kwenye mfuko kuna ndizi mbichi na maparachichi ya Itaka. Mama ameyachagua mwenyewe moja moja, na yale yenye alama ametuachia sisi.

Gloria, niliyekuwa nakaa naye darasani, aliniuliza kwa nini Mama haji Mbeya kukuuguza. Nilimwambia kwamba kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani. Akacheka. "Tangu aolewe hajamwona? Hata kwenye picha?" Niliona aibu. Sikumwambia kwamba Mama akipewa somo la kitabu cha Isaya kanisani, husema "kile kitabu kirefu kinachofuata Wimbo Ulio Bora", kwa kuwa jina hilo linakaribiana mno na Yesaya, jina lako.

Sasa jambo lenyewe, Babu. Kabla Baba hajasafiri nilisoma kwenye simu yake kwamba India wanapandikiza figo, na kuna watu wanaowapokea wagonjwa kutoka kwetu na kuwatafutia hospitali za bei nafuu. Baba anasema yuko tayari kupimwa, na damu zenu zikipatana akutolee figo moja. Muulize daktari. Tafadhali usiseme umesahau.

Mjukuu wako,
Tusekile


Mbeya
17 Desemba 2024

Kwa mchumba wangu Tusekile,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma mwenyewe, mara ya pili nilimsomea Sadock, maana anasema hana mchumba wa kumwandikia. Sadock ni Mnamwanga wa Nakonde, ng'ambo yenu hapo. Figo zake zimekufa kama zangu, na anaona Mbeya ni karibu kuliko Lusaka, basi amevuka mpaka kufuata mashine. Tumepanga chumba kimoja nyuma ya hospitali. Ananiita bashikulu, yaani babu, ingawa mvi zake zinanizidi. Anapika mboga bila chumvi na kusema kwamba chakula chake hata nzi wanakiheshimu.

Nimemuuliza daktari, sikusahau. Alinieleza kwa upole. Figo zangu hazitarudi. Njia ni mbili: kupandikizwa figo ya ndugu, au kusafishwa damu kwa mashine siku zote za maisha. Kupandikizwa kunafanyika hata hapa nchini, si lazima India. Lakini moyo wangu umetanuka, hautavumilia upasuaji wa namna hiyo, na nikienda India nitakwenda na moyo huu huu. Hao wanaopokea wagonjwa wa bei nafuu watanipokea na ubovu wangu wote, maana wao hawaangalii moyo. Mwambie baba yako abaki na figo zake zote mbili. Nimefurahi kwamba alisema.

Kwa hiyo ni mashine, mara tatu kwa wiki. Nalala kwenye kiti, damu inatoka, inazunguka humo, inarudi. Haiumi sana.

Chakula kimefika. Nimekula chote, hotpoti inarudi tupu. Mfikishie mama yako shukrani za mzee. Ila ni kingi, msijisumbue kila wiki. Mgonjwa tumbo lake ni dogo.

Babu yako,
Yesaya Mbonile


Chapwa
5 Januari 2025

Babu yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula bila Baba. Lori liliharibika Ndola, akasherehekea na fundi. Mvua huku ni nyingi, na tope la njia ya sokoni limenivua kiatu kimoja mbele za watu.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika pale uliposema msijisumbue, aliacha kupepeta mchele.

"Amesema nisipike?"

"Hapana Mama. Amesema ni kingi."

"Mzee akisema ni kingi, ujue hakikuiva. Zile ndizi zilikuwa changa. Niliona."

"Amesema tumbo lake ni dogo."

"Wewe ni mtoto, Tusekile. Unataka amwambie mkwe wake chakula chako kibaya? Atasema tumbo dogo. Wazee wanasema hivyo."

Siku hiyo hakula. Alinituma Itaka kwa mama mkubwa nikalete ndizi zilizokomaa shambani, na nilirudi na mzigo kichwani. Ndizo anazoleta Mama Ferista leo. Tafadhali, Babu, ukiandika tena usitaje tumbo.

Kuna habari njema. Mchungaji ametangaza kwamba hospitali moja ya huku huku mkoani imepata mashine za kusafisha damu. Bima yako inakubaliwa. Huna haja tena ya kupanga chumba Mbeya. Baba amesema kwa simu uje ukae kwetu Chapwa, chumba cha mbele kiwe chako, na mimi niko nyumbani, nitakusindikiza kila siku ya mashine. Mama alikuwa anasikiliza. Kesho yake nilimkuta anakiosha kile chumba.

Utakuja lini?

Tusekile


Mbeya
21 Januari 2025

Mjukuu wangu Tusekile,

Marahaba. Ndizi zilikuwa nzuri sana. Mwambie mama yako zilikuwa zimekomaa, na zile za kwanza pia. Nimekula zote.

Hilo la Chapwa nimelifikiria. Nashukuru, lakini haitawezekana kwa sasa. Madaktari wa hapa wamenizoea. Halafu kahawa yangu kule Ileje inahitaji jicho, na Mbeya napata wapita njia wa kunipa habari zake. Tena Sadock atabaki na nani? Na vumbi la malori si zuri kwa kifua.

Mashine ni njema. Wiki iliyopita nilikuwa mchovu kidogo.

Msalimie baba yako.

Babu


Chapwa
2 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Matokeo yametoka. Nimepata divisheni ya nne. Sikutaka kuandika, lakini Mama Ferista angekuambia, na yeye hueleza mambo kwa kelele.

Gloria amepata ya pili. Alikuja kunifariji, na mimi nilijificha chooni mpaka akaondoka. Mama alimwambia nimekwenda dukani. Baba kwenye simu alisema, "Basi, tutaona," na alipomaliza hapo nilisikia injini tu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, nikiwa bado sijaanza shule, kwa kitabu chako cha nyimbo. Ndiyo maana kwako naona aibu zaidi.

Sababu zako za kutokuja nimezisoma. Kahawa mwaka jana ulimwachia jirani yako Isaka, na ulisema anaitunza kuliko wewe. Sina maana ya kubishana. Mama ametuma ndizi, maparachichi na maharage mapya.

Tusekile


Chapwa
16 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Hotpoti imerudi tupu, bila barua. Wiki iliyotangulia pia.

Najua kwa nini huandiki. Hukutarajia divisheni ya nne kutoka kwangu. Hata mimi sikutarajia. Baba anataka nirudie mitihani, au nijifunze cherehani kwa dada mmoja pale sokoni. Sijui. Kama hutaki kuniandikia, niandikie tu kwamba uko mzima, mstari mmoja, nami sitauliza kitu kingine.

Tusekile


Mbeya
27 Februari 2025

Mchumba wangu,

Usiandike tena maneno yale. Divisheni yako ilipofika mimi sikuwa na macho ya kuisoma. Nilikuwa nimelazwa.

Moyo ulitaka kusimama. Nilikuwa nimekaa mlangoni namenya ndizi, miguu ikawa mizito kama si yangu, kifua kikaanza kudunda hovyo. Sadock alinipeleka kwenye toroli ya mwuza mkaa, akipiga kelele njia nzima, "Pisheni! Bashikulu anapita!" Waliniweka kwenye mashine siku ile ile, na sasa mkono umerudi kushika kalamu, kama unavyoona mwandiko ulivyolala.

Hotpoti alikuwa anaiosha Sadock. Nilimwomba asimwambie Mama Ferista kitu. Baba yako yuko njiani na mzigo, na mama yako asisumbuliwe. Ni mambo ya ugonjwa tu, huja na kupita.

Kuhusu divisheni, rudia mtihani. Hata ukijifunza cherehani, rudia. Sina aibu nawe hata chembe.

Babu


Chapwa
9 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya.

Sadock hakumwambia Mama Ferista kuhusu moyo wako, lakini alimwambia jambo lingine alipompa hotpoti. "Mwambie anayepika, ndizi zake zitamuua mzee huyu." Mama Ferista alidhani ni utani wa Wazambia. Alinisimulia akicheka.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa Bibi Anastazia, nesi mstaafu mwenye duka la dawa hapa Chapwa. Duka lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimeandika swali langu kwenye karatasi kwa sababu nilijua sauti itapotea. Aliisoma kwa nguvu.

"Mgonjwa wa figo aliye kwenye mashine anaruhusiwa kula ndizi, parachichi na maharage? Nani kaandika hii? Wewe? Kwani huna mdomo?"

Nilitikisa kichwa.

"Anakula ndizi ngapi?"

Nikaonyesha kwa mikono, mkungu.

"Mungu wangu! Mnamwuguza huyo mtu au mnamzika?"

Watu wote walicheka. Mzee mmoja alisema, "Afadhali afe ameshiba." Nilitamani sakafu ile inimeze. Lakini nilibaki, mpaka wateja walipopungua akaniita ndani na kunieleza vizuri. Vyakula hivyo vina madini ambayo figo nzima huyatoa kwenye mkojo. Figo zikifa madini yanabaki kwenye damu, yakizidi yanausimamisha moyo. Alisema kila mgonjwa wa mashine hufundishwa hayo tangu siku ya kwanza.

Tangu siku ya kwanza, Babu.

Kwa hiyo ulijua. Ulikuwa unakula huku unajua, na kuniandikia kwamba zilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyezifunga. Mimi ndiye niliyezibeba kutoka Itaka.

Mama bado hajui. Jana alinunua maparachichi, nikamwambia Mama Ferista haendi wiki hii. Ni uongo, anakwenda, na ndiye anayeleta barua hii. Sijui nitasema nini wiki ijayo. Niambie nifanye nini.

Tusekile


Mbeya
16 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Nilijua. Nisamehe. Hayo yaliyokupata dukani yalinistahili mimi.

Wewe umekulia Tunduma, kwa hiyo nitakueleza, ingawa mkono wangu unasita. Tangu mama yako aolewe, sijawahi kusema naye. Nikipita njia, yeye huingia migombani. Akinisikia nakohoa, huondoka jikoni. Si chuki, ni heshima, na mimi pia humkwepa kwa heshima hiyo hiyo. Lakini watu wawili wa nyumba moja lazima waambiane kitu. Sisi tulikuwa na chakula tu. Yeye anapika, mtoto analeta, mimi namaliza. Sahani tupu ndiyo asante yangu. Bibi yako alipofariki, mama yako alinipikia mwezi mzima kutoka nyumba ya pili, na nilimaliza kila sahani nikiwa sina hamu hata ya maji. Alijua kwamba nimeona.

Sasa nianze leo kurudisha? Sadock alisema nigawie wapangaji. Niligawa mara moja. Kisha nikakuandikia nimekula, na nikajiona nimemdanganya mama yako kwa lugha pekee tuliyo nayo. Nikaacha kugawa. Nilikula kidogo kidogo nikidhani mashine itanisaidia. Ulikuwa ujinga wa mzee.

Na kumweleza, ningemwelezaje? Ningesema mkwe wangu aambiwe kwamba sikojoi tena? Hayo ni maneno ya kumpelekea mkwe?

Nitakueleza na la Chapwa, kisha ulichome moto. Siyo kahawa. Nikitoka kwenye mashine siku nyingine presha huanguka. Natapika. Siku nyingine najisaidia bila kujua. Sadock hunibeba, hunivua, hunifulia. Kwenu baba yako hayupo wiki nyingi, na wewe ni binti, huna nguvu za kuninyanyua peke yako. Atabaki mama yako. Anishike yeye? Anione hivyo? Heri nife huku kwa watu baki.

Usimwambie. Akijua kwamba ni mkono wake uliotaka kuniua, hatapata usingizi tena maishani. Mwambie tu Mama Ferista ameacha safari. Nakuomba, si kama babu. Nakuomba tu.

Yesaya Mbonile


Chapwa
30 Machi 2025

Babu,

Shikamoo.

Nimemwambia.

Nilijaribu kukutii. Nilisema Mama Ferista anaumwa, kisha Mama akamkuta sokoni akibeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Aliporudi hakunigombeza. Aliketi mbele yangu, akasema, "Mzee amekikataa chakula changu, na wewe unanificha. Nimemkosea nini?" Nikaona kwamba kunyamaza nako kunamuumiza, kwa jambo ambalo hata si la kweli. Nikasema yote, isipokuwa yale uliyoniambia nichome. Hayo niliyachoma.

Hakulia. Alitoka nje akakaa kwenye mawe ya kufulia mpaka nguo zikakauka kwenye kamba na kulowa tena kwa mvua. Aliporudi alisema, "Kwa hiyo kila aliposema amemaliza..."

Barua hii haileti Mama Ferista. Anaileta Mama mwenyewe. Amevaa kitenge chake cha kanisani na hataki nimsindikize. Nilimuuliza atafanyaje mkikutana. Alisema, "Sijui. Niache."

Nisamehe. Najua nimekuaibisha.

Tusekile


Mbeya
3 Aprili 2025

Mchumba wangu,

Nimekasirika nawe siku moja nzima. Leo nimechoka kukasirika, acha nikusimulie. Mengine niliyaona, mengine Sadock aliyasikia akiwa anasubiri zamu yake mlangoni.

Mama yako alifika mapokezi, nesi akamuuliza, "Mama, unamtafuta nani?"

"Mzee."

"Mzee nani?"

"Wa Ileje."

"Wazee wa Ileje wapo watatu. Jina?"

Mama yako akainamisha kichwa. "Jina lake liko kwenye Biblia."

"Petro yumo, Yohana yumo. Nikuletee wote?"

"Linafuata Wimbo Ulio Bora."

Nesi akatazama dari, akahesabu vitabu kwa vidole. "Isaya? Aa, Yesaya!" Sadock anasema mama yako aliziba mdomo wake mwenyewe kama kwamba ndiye aliyelitamka. Hapo Sadock akainuka. "Ba mayo, mama yangu, unamtafuta bashikulu wangu. Njoo."

Mimi nilikuwa kwenye mashine, siwezi hata kugeuka. Niliona mtu anaingia kinyumenyume, kitenge kimefunika kichwa. Sadock alimwekea stuli karibu na miguu yangu, mama yako akakaa amenipa mgongo. Sadock naye akalazwa kiti cha pili, akachomwa sindano zake.

Kisha nikasikia, kwa mara ya kwanza, sauti ya mama yako. Ni nyembamba. Nilidhani ni nzito.

"Kaka, mwambie mzee, mimi ndiye niliyepika."

Nikasema, "Mwambie najua."

"Anasema anajua," akasema Sadock.

"Mwulize kwa nini hakusema."

"Anauliza kwa nini hukusema."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Sasa kama unasikia, kwa nini mnanichosha? Na mimi nimefungwa hapa, hata kukimbia siwezi!"

Wagonjwa wengine walicheka, na nesi pia. Mama yako hakucheka, lakini mabega yalishuka kidogo. Nikasema, "Mwambie, nilishindwa kurudisha chakula chake." Safari hii Sadock hakurudia. Hakukuwa na haja.

Kisha mama yako akamgeukia nesi akauliza kila kitu. Ndizi? Hapana. Viazi? Vikatwe, vilowekwe, maji yamwagwe, na bado viwe vichache. Maji anywe kiasi gani? Chumvi? Mimi nimelala pale nasikia mwili wangu ukielezwa kwa mkwe wangu, mkojo na yote, na sikuwa na pa kuweka uso.

Waliponitoa kwenye mashine presha ikaanguka. Nesi alikuwa upande wa pili. Nikatapika, na lile jingine likatokea. Mama yako alisikia. Aliona uchafu sakafuni karibu na viatu vyake. Nilifumba macho, Tusekile. Nilimwomba Mungu anichukue dakika ile.

Alifungua kitenge kichwani, akakinyoosha kwangu kwa nyuma, bila kugeuka. Mkono ulibaki umenyooka hivyo mpaka nilipokipokea na kujifunika.

Alisubiri nesi aje. Kisha akatoka mbio kidogo, kichwa wazi, bila kuaga.

Bado naona aibu. Nikiandika hapa masikio yananichoma. Sijui nifanye nini na kitenge hicho. Sadock amekifua.

Babu


Chapwa
13 Aprili 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Baba amerudi salama, amekonda, na ameleta samaki wakavu ambao Mama amesema wewe hutakula kwa sababu ya chumvi. Mimi nimejiandikisha kurudia mtihani. Asubuhi nasoma, jioni nakwenda kwenye cherehani.

Mama hakunisimulia Mbeya. Alisema tu, "Nimefika." Uliyoyaandika sijamsomea, wala sitamsomea. Lakini usiku ule Baba alipofika, niliwasikia wakizungumza ukumbini. Baba alisema, "Mke wangu, hili ni zito, tutafute mtu wa kumlipa amuuguze mzee." Mama akasema, "Mtu wa kulipwa atamshika kama gunia."

Baba akampigia simu mzee Tulinagwe wa Ileje, yule mkubwa wa ukoo, amuulize kama mkwe anaruhusiwa kumshika baba mkwe wake. Alijibu kwamba mkwe hawezi kujiondolea mwiko huo mwenyewe. Ni lazima baba mkwe mwenyewe atamke ruhusa. Asipotamka, Mama ataendelea kukupikia na kukuogopa, na hakuna atakayemlaumu.

Basi leo asubuhi Mama alinikuta nasoma, akasimama mlangoni. Alisema, "Ukimwandikia mzee, mwulize jambo moja. Nesi aliniambia wagonjwa wa mashine wana mkono mmoja ulioungwa mshipa kwa ajili ya zile sindano. Mkono huo haushikwi wala hauvutwi, unaweza kuharibika. Mimi sikutazama. Sijui ni upi."

Nikamwambia, "Mama, ni hilo tu?"

Akasema, "Ni hilo tu. Kama hataki kujibu, asijibu. Mimi nitaelewa."

Kisha akaenda jikoni. Nimemsikia akiangusha kifuniko cha sufuria mara mbili, na yeye haangushi vitu.

Babu, najua unaona aibu. Yeye pia anaona. Uso wake ulikuwa umegeukia ukutani wakati anauliza. Sitaongeza neno langu.

Mjukuu wako,
Tusekile


Mbeya
4 Mei 2025

Mjukuu wangu Tusekile,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Nilianza barua hii mara nyingi, na Sadock amewashia jiko karatasi zangu zote. Anakusalimu. Amesema nikihama atapata chumba chenye hewa zaidi, kisha akatoka nje akakaa huko muda mrefu.

Baba yako aje kunichukua Jumamosi, baada ya mashine.

Mkono wenye mshipa ni wa kushoto. Mwambie mama yako anishike wa kulia.

Yesaya Mbonile